Monita ya Kompyuta na Filamu: Swali ni Unaketi Wapi

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloulizwa sana katika maduka ya vifaa vya umeme kuanzia Mwingi hadi Mutomo, na kuanzia Wote hadi Mtito Andei: je, monita ya kompyuta, hii bapa ya LCD, inafaa kutazamia filamu? Monita hizo zimejaa sokoni. Nyingi zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya, ndizo wauzaji wetu wanaoziita ex-UK, na huuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi au mwenye kibanda cha simu anaweza kuikusanya. Mnunuzi akiuliza, hupata majibu mawili yanayopingana. Fundi mmoja atamwambia kwamba monita ni ya kuandikia barua tu na filamu itaonekana vibaya. Mwingine atamwambia kwamba monita na runinga ni kitu kimoja, alipe achukue. Mimi nashikilia kwamba wote wawili wameruka swali lenyewe. Picha ya monita ni nzuri, na kwa mtu aliyeketi karibu nayo, usoni pake, aghalabu huishinda picha ya runinga ya bei rahisi. Lakini uzuri huo una mipaka, na mipaka hiyo inawekwa na mahali anapoketi mtazamaji, na stima au sola inayoendesha chombo, kuliko inavyowekwa na kioo chenyewe. Mtu wa Kitui au Makueni akiyajua hayo mawili kabla ya kutoa pesa mfukoni, hatajuta.

Tuanze na sababu ya swali hili kuwa na uzito leo kuliko zamani. Hapo awali runinga ilikuwa na kitu ambacho monita haikuwa nacho, yaani kile kifaa cha ndani cha kunasa mawimbi ya stesheni. Ulichomeka waya wa antena nyuma, ukazungusha, picha ikaja. Monita haikuweza hilo hata kidogo. Kisha Kenya ikahama kutoka analogi kwenda dijitali. Mitambo ya analogi ilianza kuzimwa Nairobi mwisho wa mwaka 2014, na kufikia mwisho wa Machi 2015 nchi nzima ilikuwa imehama, miezi michache kabla ya tarehe 17 Juni 2015 iliyokuwa imewekwa kimataifa. Tangu siku hizo, runinga nyingi za zamani haziwezi kunasa chochote peke yake; mawimbi huingia kwanza kwenye king'amuzi, na king'amuzi ndicho kinachopeleka picha kwenye kioo. Ving'amuzi vingi vina tundu la HDMI. Monita yenye tundu la HDMI, basi, inapokea picha ileile inayopokewa na runinga, kwa waya uleule. Tofauti kubwa iliyokuwa ikitenganisha vyombo hivi viwili ilihamia kwenye kisanduku kidogo kilicho kando. Hata anayetazama kutoka kwenye flashi au kompyuta ya mkononi hali yake ni hiyo: kinachocheza filamu ni kitu kingine, kioo kinaonyesha tu. Kwa hiyo anayesema monita haifai kwa sababu si runinga anaongea habari za kabla ya 2015.

Sasa ubora wa picha. Kioo cha LCD kimegawanywa katika vidoa vidogo sana viitwavyo pikseli, na kila kidoa hufungua au kufunga njia ya mwanga unaotoka kwenye taa zilizo nyuma yake. Monita ya inchi 22 au 24 ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Runinga nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina 1366 kwa 768 tu. Maana yake ni kwamba monita ndogo hubeba pikseli takriban mara mbili ya zile za runinga kubwa kuliko yenyewe. Ukiketi karibu utaiona tofauti hiyo: maandishi ya tafsiri chini ya picha yamekatika vizuri, nywele za mwigizaji zinahesabika, majani ya mti hayajashikana. Lakini sharti ni hilo la kuketi karibu. Monita ya inchi 22 ina upana wa sentimeta 49 hivi. Wataalamu wa sinema wanapenda picha ijaze nyuzi 30 za upeo wa macho, na ili monita hiyo ifanye hivyo, mtazamaji anapaswa kuwa umbali wa sentimeta 90, chini ya mita moja. Akirudi nyuma mita 3, ambako ndiko lilipo kochi katika sebule nyingi, picha inashuka hadi nyuzi 9 tu, na zile pikseli zote alizolipia jicho lake haliwezi tena kuzitenganisha. Hapo runinga ya inchi 32 yenye pikseli chache itampendeza zaidi. Uwezo wa kioo haukubadilika. Kiti ndicho kilichobadilika.

Ukaribu huo una gharama yake pia. Monita nzuri haifichi kasoro ya filamu. Nyingi ya filamu zinazonakiliwa kwenye flashi mitaani zimebanwa sana ili zichukue nafasi ndogo, na DVD yenyewe ina pikseli 720 kwa 576 tu. Monita inapoinyoosha picha hiyo ijaze kioo chote, sura za watu hulainika na vivuli hugawanyika kuwa vipande vya mraba. Mtu hulaumu monita, kumbe kinachoonekana ni ubovu wa nakala. Ukipata nakala nzuri ya filamu hiyohiyo, lawama itaisha siku hiyohiyo.

Kasoro ya kweli ya monita nyingi za ofisi, na ndiyo ningependa uisikilize kwa makini, ni pembe ya kutazamia. Kuna aina tatu kuu za vioo vya LCD: TN, VA na IPS. TN ndiyo ya zamani kati ya hizo, imetokana na uvumbuzi wa mwaka 1970. IPS na VA zilikuja miaka ya 1990 ili kurekebisha udhaifu wake. Monita nyingi za ofisi za miaka ya nyuma, hasa za bei nafuu, ni TN, kwa sababu karani huketi mbele ya monita yake siku nzima na haitazami kutoka upande. Kioo cha TN kikitazamwa kutoka kando rangi hupauka. Kikitazamwa kutoka juu hung'aa kupita kiasi. Na kikitazamwa kutoka chini, picha huwa nyeusi, na mwishowe rangi hugeuka, uso wa mtu ukafanana na ule wa kwenye filamu hasi ya mpiga picha. Sasa fikiria nyumba zetu. Chombo cha thamani huwekwa juu, kwenye rafu au juu ya kabati, ili watoto wasikiguse. Watoto huketi chini, juu ya mkeka au sakafuni. Yaani tunachukua kioo kinachochukia kutazamwa kutoka chini, tunakipandisha juu, kisha tunawaketisha chini wale wanaopenda filamu kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Baba aliye kwenye kiti haoni tatizo lolote na anashangaa mtoto akilalamika kwamba hauoni usiku wa kwenye filamu. Mtoto anasema kweli.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Monita karibu zote huinama mbele na nyuma. Ukiiweka juu, iinamishe mbele mpaka uso wa kioo umwelekee aliyeketi chini. Kama kiguu chake hakifiki huko, weka kipande cha mbao chini ya sehemu ya nyuma na uifunge isianguke. Au iteremshe kabisa kwenye meza fupi, na ulinzi wa watoto ufanywe na wazazi. Kama hujanunua bado, tafuta IPS, ambayo rangi zake hubaki karibu zilezile hata ukitazama kutoka pembeni. Wauzaji wengi hawajui aina ya kioo wanachouza, na hakuna haja ya kuwabishia. Chuchumaa mbele ya monita ikiwa imewashwa, kisha simama, kisha nenda kando. Picha isipobadilika sana, si TN.

Jambo la pili katika picha ni weusi. Taa za nyuma ya LCD huwaka muda wote filamu inapocheza, na pikseli iliyojifunga haizuii mwanga wote. Kiasi kidogo hupenya. Kwa hiyo weusi wa LCD ni kijivu cheusi. Katika vioo vya TN na IPS, weupe kwa kawaida huwa na mwanga mara 1000 hivi kuliko weusi. Katika VA hufika mara 3000. Zile runinga nzito za zamani zenye mgongo mkubwa ziliweza kuzima kabisa sehemu ya giza ya picha, na ndiyo maana wazee wengine husema filamu zilikuwa nzuri zaidi kwenye zile. Katika hili nawaunga mkono. Filamu yenye mambo mengi ya usiku, mathalani Nairobi Half Life ya mwaka 2012, hupoteza kitu kwenye monita ya ofisi chumba kikiwa giza totoro: uchochoro uliopaswa kutisha unakuwa na ukungu wa kijivu, na pembe za kioo zinavuja mwanga. Hata hivyo giza totoro la chumba si lazima. Taa moja ndogo ya sola, ya wati 1 au 2, ikiwekwa nyuma ya monita ielekee ukutani, hulifanya jicho liuone weusi ule kuwa mweusi zaidi, na huyapunguzia macho uchovu. Taa hiyo ipo tayari katika nyumba nyingi. Kinachohitajika ni kuihamisha kutoka katikati ya dari. Mchana hali inageuka na monita inapata sifa. Monita nyingi za ofisi zina uso usiong'aa, unaotawanya mwanga wa dirishani, ilhali runinga nyingi zina uso unaorudisha sura ya mlango na ya mpita njia. Katika duka la Emali lililofunguliwa upande wa barabara saa nane mchana, uso huo usiong'aa ni faida kubwa.

Umbo la kioo nalo litazame. Zile monita za inchi 17 na 19 zinazokaribia kuwa mraba zina pikseli 1280 kwa 1024. Filamu pana ya kawaida itatumia 1280 kwa 720, yaani asilimia 70 ya kioo. Filamu za umbo la sinema kamili zitatumia karibu nusu tu. Kilichobaki ni mikanda ya kijivu juu na chini. Ikiwa bei inatofautiana kwa shilingi mia chache, chukua ile pana.

Kuhusu mwendo wa picha sitakaa sana. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, matangazo yetu ya runinga huenda 25, na monita nyingi hujipyaisha mara 60 kwa sekunde. Kwa kuwa 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24 wala 25, picha nyingine hukaa kidogo zaidi ya nyenzake, na kamera ikigeuka polepole utaona mtikisiko mdogo. Wengi hawauoni kamwe. Anayeuona, na monita yake inakubali mara 75, aichague hiyo kwa matangazo ya runinga, maana 75 ni 25 mara tatu kamili.

Sasa tuje kwenye stima, ambapo naona monita inastahili heshima kuliko inayopewa. Kaunti ya Kitui ina zaidi ya kilomita 30,000 za mraba, na nyumba zilizo mbali na vituo vya biashara hutegemea sola. Hata palipo na nyaya, umeme hupotea wakati wa mvua. Kwa nyumba kama hiyo, swali la kwanza juu ya chombo chochote ni wati ngapi. Monita ya LED ya inchi 19 hadi 22 hutumia wati 15 hadi 25. Ya zamani kidogo, yenye taa za mirija nyuma, hutumia 30 hadi 45. Runinga ile nzito ya inchi 21 ilikuwa ikila 60 hadi 100. Tufanye hesabu moja. Betri ya kawaida ya volti 12 na uwezo wa ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Monita ya wati 20, king'amuzi cha wati 8 na spika ndogo ya wati 7 ni jumla ya wati 35. Ukiondoa zile zinazopotea kwenye inveta, una saa 7 hivi za kutazama, yaani filamu tatu za saa mbili na muda wa taarifa ya habari. Runinga nzito pamoja na king'amuzi na spika hizohizo ingeimaliza nusu hiyo ya betri kwa saa mbili hadi tatu hivi. Na miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu ya baridi yanapotanda Mbooni, Kilungu na juu ya vilima vya Kitui, paneli haijazi betri kama ilivyozoea, na kila wati iliyookolewa inaonekana.

Hapa kuna kosa moja linalowakosesha watu monita nzuri. Nyuma ya monita huandikwa volti 100 hadi 240, ampea 1.5. Mtu huzidisha 240 kwa 1.5, anapata wati 360, anatishika na kuiacha. Maandishi hayo ni kiwango cha juu ambacho saketi ya umeme imeruhusiwa, na ampea hizo huhesabiwa kwa volti ya chini kabisa. Matumizi halisi ni sehemu ndogo tu ya hapo. Fundi mwenye kipimo cha wati atakuonyesha kwa dakika moja. Na zipo monita zinazotumia adapta ya nje ya volti 12, ambazo zinaweza kuendeshwa na betri bila inveta. Lakini tahadhari: betri ya asidi inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, kwa hiyo pawepo kifaa cha kudhibiti volti katikati. Zile za volti 19 zinahitaji kifaa cha kupandisha. Kazi hiyo afanye fundi.

Kinachonisumbua kuhusu monita ni sauti. Monita nyingi za ofisi hazina spika kabisa, na zile zenye spika zina za wati 1 au 2, ambazo mvua ya Novemba ikishuka juu ya mabati huzimeza zote. Na katika utazamaji wetu, sauti ni zaidi ya nusu ya filamu. Filamu nyingi za Kichina, za Kihindi na za Marekani ziliingia vijijini kupitia kinywa cha DJ Afro, anayezisimulia kwa Kiswahili chenye Sheng ndani yake, akiwapa waigizaji majina na kueleza mchezo kabla haujatokea. Majirani wana wasimulizi wao pia: Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Mtazamaji wa filamu kama hiyo anaweza kugeuza uso akanywe chai na asipoteze hadithi. Lakini sauti ikipotea, hadithi imekwisha. Kwa hiyo mwenye kununua monita bila kupanga sauti amenunua nusu ya filamu. Bei ya spika ihesabiwe pamoja na bei ya monita tangu mwanzo. Kuhusu namna ya kuunganisha, usihangaike na monita: ving'amuzi vingi vina matundu mekundu na meupe yanayotoa sauti hata picha inapopita kwenye HDMI. Chomeka wufa hapo. Kwa kompyuta ya mkononi, tumia tundu la vipokea sauti. Kumbuka tu kwamba wufa kubwa inaweza kula umeme kuliko kioo chenyewe, na ile hesabu yetu ya betri ikaharibika.

Yapo mapingamizi, na ni ya haki. La kwanza ni kwamba runinga zimeshuka bei sana, na zina spika na tundu la flashi ndani. Kwa nini mtu ahangaike na waya? Kwa familia ya watu sita inayokaa sebuleni, na iliyo na stima ya uhakika, nakubali kabisa: nunueni runinga. Na kwa nyumba ya sola isiyo na king'amuzi wala kompyuta, zile runinga zilizotengenezwa kwa ajili ya sola ni jibu bora pia. Lakini tusidanganywe kwamba ukubwa ndio kila kitu. Kampuni ya M-KOPA ilipoleta runinga yake ya sola mwaka 2016, ilikuwa ya inchi 16, na familia nzima zilikusanyika mbele yake. Monita ya inchi 22 si kitu kidogo kwa kipimo hicho. Na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza, anayeishi kwenye chumba kimoja na ana kompyuta ya mkononi tayari, akinunua runinga atakuwa amepata chombo kimoja kisichompendeza macho anapoandika kazi zake za darasani. Monita ataitumia kusomea mchana na kutazamia filamu usiku, kwa umbali uleule wa chini ya mita moja ambao tumeona ndio unaoifaa.

Pingamizi la pili ni la simu: vijana wanatazama kila kitu kwenye simu, monita ya nini? Simu ni ya mtu mmoja, na hata huyo mmoja shingo humuuma. Wengine hujaribu kuunganisha simu na monita kwa waya wa bei rahisi na kushindwa, kisha wakaamini monita ni mbovu. Simu nyingi za bei ya chini haziwezi kutoa picha kupitia tundu la kuchajia, waya uwe wa bei gani. Hakikisha kwanza kuhusu simu yako kabla ya kununua waya. Vilevile monita yenye tundu la zamani la VGA pekee itahitaji kigeuzi kutoka HDMI, na VGA haibebi sauti. Baadhi ya ving'amuzi vya kulipia hukataa kutoa picha kwa monita za zamani kwa sababu ya kinga ya hakimiliki. Mwenye king'amuzi cha aina hiyo akibebe aende nacho dukani.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kwangu. Linasema kwamba tunapokea vyombo ambavyo wenzetu wamevichoka, na baada ya mwaka mmoja vitakuwa taka katika mashimo yetu. Ni kweli taa za nyuma huchoka. Monita iliyowaka miaka minane ofisini inakuja ikiwa na mwanga hafifu na weupe wa rangi ya njano. Ni kweli pia kwamba zile zenye taa za mirija zina zebaki, na zikivunjwa kwenye boma lenye kuku na watoto ni hatari. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na kaunti zetu mbili, Kitui na Makueni, zinapaswa kuwa na mahali panapojulikana ambapo mwananchi wa Kyuso au wa Kathonzweni anaweza kupeleka monita iliyokufa. Kwa mnunuzi wa leo, ushauri wangu ni kuchagua zenye taa za LED, ambazo hazina zebaki na zinakula umeme mdogo, na kuikataa yoyote ambayo weupe wake umeshakuwa njano, hata ikitolewa kwa bei ya kutupa.

Niseme na wenye vibanda vya video na hoteli ndogo. Zamani magari ya serikali ya sinema yalitandika kitambaa cheupe sokoni na mamia ya watu waliona picha ileile, aliyeketi mbele na aliyesimama nyuma. Kitambaa hakina pembe mbaya. Monita moja mbele ya wateja ishirini haiwezi kazi hiyo, na monita ya TN itawapa picha nzuri wale watatu wa katikati tu, wengine watakuwa wamelipa kiingilio bure. Kwa biashara ya namna hiyo chukua runinga kubwa au projekta, na uwe na leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya, kwa sababu kuonyesha filamu kwa umma bila leseni ni kosa kisheria hata kioo kiwe cha inchi ngapi.

Basi, msikilizaji, ukienda dukani Kitui mjini au Wote wiki hii, beba flashi yenye filamu unayoijua vizuri, iliyo na tukio la usiku na la mchana. Omba monita iunganishwe na kompyuta au king'amuzi cha kuchezea flashi hiyo, iwashwe, iache iwake robo saa, kisha itazame ukiwa umesimama, ukiwa umeketi kwenye kiti, na ukiwa umechuchumaa kwa kimo cha mtoto wako mdogo. Uliza iko wapi spika na itapata wapi sauti. Tazama weupe kama ni mweupe kweli. Muuzaji akikataa kuiwasha, mshukuru na uende duka la pili.